Fimbo Iliyotazama Kushoto

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mnene uliong'olewa kwenye ubavu wa lori lililokufa, ukakalishwa juu ya mapipa ya rangi, pale ambapo ukuta wa karakana ya kuchomelea unakutana na waya wa uwanja wa gofu. Nyuma ya benchi kulikuwa na kelele za vyuma, harufu ya rangi, na milango na madirisha yasiyokwisha. Mbele yake nyasi zililala kimya, zimekatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayeanza shule. Alasiri, jua lilipolegeza kamba, birika la kahawa lilipanda juu ya jiko la mshona viatu, na wenye benchi wakaja mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kikombe chake na neno lake. Hapakuwa na jambo duniani lililowahi kuwashinda watu hao kulieleza. Yaliyowashinda yalikuwa ya kuyatenda.

Alasiri hiyo Cheche, fundi wa kuchomelea, alikaa ncha ya benchi na kikombe asichokinywa. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya waya, kwenye kipande cha nyasi wanachoachiwa wafanyakazi na wastaafu wakati wenye uwanja wamekwenda zao. Hapo alisimama Mzee Bendera, akiipanga miguu yake mbele ya mpira kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Mzee huyu aliutunza uwanja ule tangu ujana wake. Asubuhi kwa asubuhi ndiye aliyechimba shimo jipya na kuihamishia bendera, na jina likamganda hivyo. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alilala nyumbani akiutazama ukuta, hataki uji, hataki redio, hataki mtu, hadi siku ofisi ya uwanja ilipompelekea ujumbe: ukipata nafuu, wewe ndiye utakayepiga mpira wa kwanza kufungua mashindano ya wafanyakazi. Kwa ujumbe huo aliinuka. Kwa ujumbe huo alijifunza upya kushika kijiko, kisha kifungo cha shati, kisha fimbo. Na mashindano yenyewe yalikuwa kesho.

Fimbo ikapanda, ikashuka. Mlio ulikuwa mzuri, mlio wa kitu kilichokutana na mwenzake. Mpira ukapaa ukiielekea bendera. Halafu, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina, ukageuka kushoto, ukazidi kugeuka, ukatumbukia bwawani.

— Chubwi! — alisema Soli, mshona viatu, akipuliza makaa. — Huo umekwenda kuoga.

— Nyamaza, atakusikia — alisema Mama Pindo, fundi cherehani, ambaye hata akiwa kwenye kahawa hakuacha kupinda nguo ya mtu mapajani.

— Asikie nini? Si amejionea mwenyewe?

— Kujionea ni kitu kimoja. Kutangaziwa ni kitu kingine.

Mzee Bendera alipita kwenye kilango cha waya, akaja akikokota mguu kidogo, fimbo kwapani. Walimpisha katikati ya benchi, mahali palipokuwa pake. Mama Pindo akammiminia kahawa nusu kikombe, maana kikombe kikijaa mkono ungemwaga, na hakuna mtu hapo aliyewahi kulisema hilo kwa sauti.

— Haya, wataalamu — alisema mzee. — Mwezi uliopita mpira ulikuwa unakwenda mitini, kulia. Sasa unakwenda majini, kushoto. Mtu yuleyule, fimbo ileile, nyasi zilezile. Semeni.

Cheche aliteremsha macho kwenye kahawa yake. Maneno hayo, fimbo ileile, yalimpita mwilini kama bati la moto.

— Mimi nasema ni dunia — alianza Soli, akiikunja miguu yake kama mtu atakayekaa sana. — Dunia si inazunguka? Sasa mpira ukiwa juu hewani haukanyagi chini, si ndiyo? Basi huku chini uwanja unasogea. Mpira umenyooka kabisa, mzee wangu. Bendera ndiyo iliyokimbia.

— Na ulipokuwa unakwenda kulia? — aliuliza Mama Pindo. — Dunia haikuwa inazunguka?

— Ilikuwa inazunguka.

— Sasa?

— Ilikuwa inazunguka polepole. Ilikuwa msimu wa baridi.

Mzee Bendera alicheka hadi kahawa ikatikisika. Kicheko chake kilikuwa bado kimeinama upande mmoja, na wote walikipenda hivyohivyo.

— Mama Pindo, niokoe na huyu.

— Hilo la dunia nimemwachia mwenyewe. Mimi naona ni maji. Maji yanavuta. Hamjasikia habari za mwezi na bahari? Basi na bwawa nalo linavuta, kwa kadiri yake.

— Linavuta mpira?

— Linavuta chochote kilichokwenda peke yake. Na hebu fikirini mipira iliyozama mle miaka yote hii! Imejaa mle chini, imekaa kimya, inasikiliza. Wakisikia mwenzao anapita juu…

— Wanamwita — alimalizia Soli kwa hofu ya kweli.

— Sikusema wanamwita. Nimesema wanasikiliza. Kuitika ni hiari yake.

— Na wewe, Cheche? — mzee alimgeukia. — Leo umekaa kama mtu aliyemeza nati.

Cheche alikohoa. Alijua atakalosema ni uongo, akaona basi bora uwe uongo mkubwa, maana mdogo ungefanana mno na ukweli.

— Chuma — alisema. — Mimi nakaa na vyuma kutwa, navijua. Chuma kina kumbukumbu. Ukikipiga sana kikielekea upande mmoja, kinachoka. Usiku watu wakilala, kinajinyoosha chenyewe taratibu, kuelekea kule kilikochimbwa.

— Kilichimbwa wapi?

— Kushoto.

Benchi zima likaangua kicheko, na Cheche akacheka pamoja nao.

— Ninyi ni watu wa kufungiwa ndani — alisema Mzee Bendera, akiifuta midomo. — Nimewaeleza mara ngapi? Mpira hauna akili yake wala hauna ndugu majini. Pale fimbo na mpira vinapogusana, kufumba na kufumbua, mpira unatazama kitu kimoja: uso wa fimbo umeelekea wapi. Huu hapa. — Aliugeuza ule ubapa wa chuma uliong'ara mwishoni mwa fimbo. — Uso ukiitazama bendera, mpira unaifuata bendera. Uso ukifika umefunguka, umetazama kulia, mpira unaanza kulia na unazidi kupinda kulia. Ukifika umejifunga, umetazama kushoto, ndiyo hivyo, unakwenda kuoga.

— Lakini ile njia inayopita fimbo yenyewe? — aliuliza Soli. — Si wewe ulisema njia nayo ina neno lake?

— Inalo. Uso na njia visipopatana, mpira unazunguka, ndipo unapopinda. Lakini anayeutuma kwanza ni uso. — Akaweka kikombe chini, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yao, mgongo wa kiganja ukitazama uwanja. — Na uso wa fimbo unafuata huu. Mkono huu ukilala nyuma, uso unafunguka. Mkono huu ukigeuka kwa wakati wake, uso unafika sawa. Ndiyo maana mwanzo nilikuwa nakwenda mitini. Mkono ulikuwa haugeuki. Ulikuwa unafika kwenye mpira kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mkono ulitetemeka kidogo hewani. Wote watatu waliutazama, kisha wote watatu wakatazama kwingine.

— Sasa nimeelewa kilichotokea — mzee aliendelea, na uso wake ukawaka kwa furaha iliyomchoma Cheche kuliko cheche yoyote. — Mnakumbuka siku ile mpira uliponyooka? Moja kwa moja, hadi kwenye nyasi fupi za kuzunguka shimo? Siku ile mkono ulipona. Na tangu siku ile umeendelea kupona tu, hadi umepitiliza. Unageuka kabla ya wakati. Umezidi nguvu, jamani! Mimi, mtu wa kulishwa uji, nina mkono uliozidi nguvu. Kwa hiyo naupumzisha. Nimeacha yale mazoezi ya kukamua mpira wa raba, nimeacha kwenda kwa daktari wa viungo. Naupumzisha mpaka nguvu zipungue.

Soli alianza kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

— Nikapige mwingine — alisema Mzee Bendera, akiinuka kwa kulishika bega la Cheche. — Ukinyooka, kesho nafungua. Ukienda majini tena, napita ofisini jioni hii, nawaambia watafute mtu. Sitaki kusimama mbele ya vijana niliowafundisha kazi nikilisha samaki mipira. Na nikiiweka fimbo chini safari hii, siinami tena kuiokota.

Akaenda zake, akikokota mguu, akipita kilango cha waya.

Nyuma yake wale watatu walikwepana macho kama darasa mwalimu alipouliza nani kavunja dirisha.

Cheche aliliona jambo lote lilivyokwenda, tena kwa mkono wake. Fimbo ile ililala karakanani kwake kila jioni, kwa sababu nyumbani kwa mzee kulikuwa na mlima na mkono haukupenda kubeba kitu mlimani. Jioni moja, baada ya kumtazama mzee akipeleka mpira mitini alasiri nzima na kurudi akijifanya kuchekelea, Cheche aliibana shingo ya fimbo kwenye jiriwa lake, akachomeka bomba la kuvutia, akaivuta. Kidogo tu. Kadiri ya upana wa ukucha, uso ukatazama ndani. Kesho yake mpira ukanyooka, na mzee akaitupa kofia yake juu, na Cheche hakuwahi kuona mlango wala dirisha alilolichomea likimpa mtu furaha kama ile. Ila baada ya siku chache mpira ukaanza kwenda kushoto, na hilo ndilo ambalo hakulielewa hata kidogo. Alivuta kidogo tu. Alikuwa na hakika alivuta kidogo.

— Cheche — alisema Soli kwa sauti ya chini, bado ameinamia jiko.

— Naam.

— Hiki chuma chako chenye kumbukumbu. Usiku kinajinyoosha chenyewe, au kuna anayekinyoosha?

Cheche alikizungusha kikombe mkononi. Lakini sasa alikumbuka kitu ambacho kwa siku kadhaa macho yake yalikiona na kukiruka: ngozi ya mpini wa fimbo ile ilikuwa imefungwa upya, kwa mikunjo safi ya kiatu cha harusi.

— Na wewe ulisema unaifuta ngozi ya mpini kwa dawa — alijibu. — Kufuta gani kunakonuka gundi?

Walitazamana. Soli ndiye aliyeshindwa kwanza.

— Niliweka kipande chembamba chini yake — alisema. — Upande mmoja. Ili vidole vikikaa, kiganja kikae kimegeuka kidogo bila yeye kujua. Mwenyewe alisema, uso unafuata kiganja! Kwanza mpira uliacha kufika mitini kabisa, ukawa unaanguka pembeni. Halafu siku ile ukanyooka, nikajua ngozi imekwisha kulala vizuri.

— Ngozi imelala! — Cheche alishika kichwa. — Siku ile ni mimi, bwana. Ni jiriwa.

— Umepinda fimbo ya mzee?

— Kidogo tu!

— Na mimi kidogo tu!

Hapo wakaona sindano ikidondoka chini. Mama Pindo alikuwa ameacha kushona, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

— Mungu wangu — alisema.

— Wewe tena nini?

— Glavu.

— Glavu imefanya nini?

— Aliniletea niishone, imefumuka. Nikaishona. Na ndani nikatia lastiki, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye dole gumba. Inamvuta mkono, inamgeuzia. — Akaziba mdomo kwa pindo la nguo ya mteja. — Siku ile mpira uliponyooka mimi sikuwepo hapa, nilikuwa na sare za shule. Nimempa glavu baada ya siku ile. Sikujua. Nilidhani bado anakwenda mitini.

— Kidogo tu, au siyo? — aliuliza Soli kwa uchungu.

— Kidogo tu.

— Basi ndiyo hayo. Vidogo vitatu vimekwenda bwawani.

Ng'ambo ya waya Mzee Bendera alikuwa akijipanga. Alikunjua bega, akaupumzisha mkono ubavuni, akauinua tena.

— Toa lako basi — alisema Cheche. — Vuta kile kipande.

— Kwa nini nitoe mimi? Langu ndilo la kwanza. Langu ndilo lililomtoa mitini.

— Langu ndilo lililonyoosha.

— Mama Pindo atoe lastiki.

— Sitoi. Lile nimelishona usiku na mchana na macho haya mabovu. Nyie mmepinda chuma na kubandika ngozi, mimi nimeshona uzi kwa uzi. Anaivaa mkononi!

— Mama Pindo, hatugombei urithi hapa.

— Sasa mnagombea nini?

Na kweli, hawakujua. Cheche alitambua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akitetea kazi ya fundi. Kila mtu alikuwa akiitetea ile siku ya kofia iliyorushwa juu, akitaka ibaki kuwa imetoka mikononi mwake. Alitaka kulisema jambo hilo, lakini nyayo zilizokuwa zikija njiani zikamfunga mdomo. Zilikuwa za mke wa mzee.

Mama huyu hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Alikuwa akipita na kusalimu tu, kikapu mkononi. Leo alikuja na ndara za nyumbani, na mkononi alishika mpira mdogo wa raba.

— Hamjambo — alisema.

— Hatujambo, shemeji — walijibu. Soli akainuka nusu. Mama Pindo akasema: — Karibu ukae, dada.

— Sikai. — Aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. — Nimekuja kuwauliza kitu, kwa sababu mnamwona kila siku na mimi simwoni akiwa huku. Nyumbani anasema mkono umezidi nguvu. Ameacha mazoezi. Huu mpira wa kukamua ameuweka juu ya kabati nisiufikie, nimeupandia kiti. Daktari wa viungo amepeleka salamu kuuliza yuko wapi. Na jana kikombe kimemponyoka, akasema mpini wa kikombe ulikuwa na mafuta. Haukuwa na mafuta. Mimi ndiye niliyekiosha.

Aliushika ule mpira mdogo kwa mikono miwili.

— Basi niambieni. Mkono wake umepona, au haujapona?

Watu walioijua dunia inavyozunguka, maji yanavyovuta na chuma kinavyokumbuka, hilo moja lilikuwa nje ya elimu yao. Kulikuwa na fimbo iliyopindwa, mpini uliobadilishwa na glavu yenye lastiki. Na chini ya vyote hivyo, mahali fulani, ulikuwapo mkono, na hakuna aliyejua tena uko vipi. Walikuwa wameufunika.

— Mjibuni — ilisema sauti.

Mzee Bendera alikuwa amesimama kwenye waya, vidole vyake vimejishikiza katika matundu. Hakuwa amepiga. Alikuwa amemwona mkewe akija, akarudi.

Cheche aliinuka. Alikwenda hadi kwenye waya, akasimama mbele ya mzee ambaye, siku karakana ilipoungua, ndiye mtu pekee aliyekuja na ndoo.

— Mzee wangu — alisema. — Mkono haujazidi nguvu. Fimbo ndiyo imezidi. Niliipinda shingo mimi, siku ile kabla mpira haujanyooka. Sikukuambia.

— Na mimi mpini — alisema Soli nyuma yake.

— Na mimi glavu — alisema Mama Pindo, kwa sauti iliyokuwa karibu isisikike.

Mzee aliuvua mkono wake glavu ile polepole, akautazama ukiwa mtupu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemkaribisha kwa jina lisilo lake.

— Kwa hiyo siku ile — alisema — haikuwa mimi.

— Haikuwa wewe peke yako — alisema Cheche.

Kilango cha waya kikalia. Mzee alipita, akaja akakaa mahali pake katikati ya benchi, akaiegemeza fimbo ukutani. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa zamani, ule wa kuutazama ukuta.

— Basi mwende ofisini mnisaidie kuwaambia — alisema mzee. — Watafute mtu.

Hakuna aliyejongea. Mkewe ndiye aliyekaa, kwa mara ya kwanza kwenye benchi lile, ubavuni pake.

— Vikiondolewa vyote hivyo walivyoweka — alimwuliza — mpira unakwenda wapi?

— Mitini.

— Umeuona?

— Nimeuona tangu nilipoanza.

— Sikuulizi ulipoanza, baba. Nakuuliza leo.

Kutoka ukingo wa benchi Soli akasema taratibu:

— Hakuna aliyeuona wa leo. Sisi wenyewe ndio tuliouziba.

Basi wakauzibua. Soli alilaza fimbo mapajani, akachana ngozi aliyoifunga kwa mikono yake, akatoa kile kipande chembamba, akafunga upya bila gundi ya ziada. Mama Pindo aliigeuza glavu ndani nje, akakata uzi wake kwa meno, akaivuta lastiki ikatoka nzima, nyeupe, akaificha haraka mfukoni kama mtu aliyekutwa na kitu cha aibu. Fimbo ilipofika kwa Cheche, aliibana shingo kwenye jiriwa, akachomeka bomba, halafu akasita.

— Mzee, njoo.

— Nije kufanya nini? Wewe ndiye fundi.

— Mara ya kwanza nilivuta peke yangu. Sasa tuvute wote. Weka ule wa kushoto.

Mzee Bendera aliingia karakanani kwa shingo upande. Aliuweka mkono wake wa kushoto kwenye bomba, juu ya mkono wa Cheche. Ulikuwa mwepesi mwanzoni, kama nguo iliyowekwa. Cheche akasubiri. Akasubiri bila kuvuta, hadi alipohisi vidole vile vikijikusanya, kimoja baada ya kingine, vikitetemeka, vikishika. Ndipo wakavuta. Chuma kikatii. Cheche alichukua gonia yake ya kupimia pembe, akapima uso dhidi ya mpini, akampa mzee ajipimie mwenyewe.

— Sawa? — aliuliza.

— Sawa — alisema mzee. Kisha, baada ya kupumua: — Kumbe mkono unatetemeka lakini unashika.

Walitoka wote pamoja hadi kwenye nyasi, hata mke wa mzee na ndara zake, ingawa hapo si pa kuingia mtu asiye mfanyakazi wala mstaafu. Jua lilikuwa limelala chini, na kivuli cha bendera kilikuwa kirefu kuliko bendera yenyewe. Mzee alijipanga. Hakuna aliyesema kitu kuhusu dunia.

Fimbo ikapanda, ikashuka.

Mpira ulianza kulia. Ukapinda, ukazidi kupinda kulia, kama vile mzee alivyosema, kama vile ulivyopinda tangu alipotoka kitandani. Cheche alifumba macho akisubiri mlio wa mpira kugonga tawi. Mlio haukuja. Alipoyafumbua aliona mpira ukidunda kwenye nyasi ndefu, ukabiringika, ukakaa mahali peupe, hatua chache kabla ya mti wa kwanza.

Soli alivuta pumzi ya kutaka kueleza. Mama Pindo akamfinya.

Mzee Bendera aliufuata kwa macho, fimbo bado imepanda begani.

— Haujafika mitini — alisema.

— Haujafika — alisema Cheche.

— Ulikuwa unafika. Ulikuwa unapiga shina.

— Ulikuwa unapotelea hukohuko ndani. Mimi ndiye niliyekuwa naufuata, na miiba yote ile.

Mzee aliiteremsha fimbo. Mkono wa kushoto ulijifungua ubavuni pake, ukajifumba, ukajifungua tena. Mkewe akausogelea bila kusema, akaweka ule mpira wa raba kiganjani. Vidole vikaufunika, si vyote, lakini vikaufunika. Mzee akaukamua mara moja, akakunja uso, akaukamua tena.

— Daktari yule bado ana hasira na mimi? — aliuliza.

— Hana hasira. Anakusubiri.

— Na ninyi — mzee aliwageukia wale watatu, waliokuwa wamesimama kama mafundi mbele ya nyumba waliyoijenga vibaya. — Mnaangalia nini? Kesho mnakuja?

— Tunakuja — alisema Soli.

— Mnakuja kufungua mashindano na mtu wa kupeleka mpira pembeni?

— Tunakuja — alisema Cheche.

Mzee Bendera alimpa mkewe bega lake la kushoto alishike, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Safari hii fimbo aliibeba mwenyewe. Alipofika kilangoni alisimama, bila kugeuka.

— Basi mkija, msijipange nyuma yangu — alisema. — Simameni upande wa kulia. Ndiko mpira utakakokuja.